DUKE SLATER: MTU WA MSTARI WA MBELE

Kila mwaka kurasa hizi za maisha ya watu mashuhuri huwaendea watu wale wale: Shaaban Robert, Mekatilili wa Menza, Dedan Kimathi, na mwaka ambao mwandishi amechelewa na mhariri anamkimbiza, basi Nelson Mandela. Sina ugomvi nao hata kidogo. Lakini mwaka huu nimepewa nafasi mimi, na nimeamua kuwaletea mtu ambaye kwao Marekani ana jina kubwa, ila hapa kwetu ukimtaja watu watadhani ni mbwa wa mlinzi wa usiku. Huyo ni Frederick Wayman Slater, aliyejulikana kwa jina la Duke. Na wala msicheke, kwa maana jina hilo la Duke inasemekana alilirithi kutoka kwa mbwa wa nyumbani kwao.

Kwanza niwaeleze mchezo wenyewe, kwani ukisema futiboli hapa kila mtu anafikiria Gor na Ingwe. Hiyo ni soka. Futiboli ya Kimarekani ni binamu wa raga. Mpira wake una umbo la yai, kila upande una wachezaji 11, na upande wenye mpira hupewa nafasi 4 za kusonga mbele yadi 10. Wakishindwa, mpira unaenda kwa wapinzani. Katika hao 11, watu 7 hujipanga mstari mmoja mbele, wameinama kama kondoo dume wanaotaka kupigana. Aliye katikati huupitisha mpira katikati ya miguu yake kwenda nyuma, na papo hapo ni patashika nguo kuchanika.

Sasa sikilizeni. Wengi wa watu hao wa mstari hawashiki mpira. Kazi yao ni kumsukuma aliye mbele yao, kumhamisha, kumwangusha ikiwezekana, ili mwenzao mwenye mpira apate mwanya wa kupita. Mwenye mpira akifika mwisho wa uwanja anabebwa juu juu na magazeti yanamwandika. Aliyemfungulia njia yuko chini, amelaliwa na watu watatu, anatema udongo. Hata hesabu za mchezo ni hivyo: kuna yadi za mkimbiaji, kuna pasi za mrushaji, na za mtu wa mstari hakuna. Mimi ni propu katika timu ya raga ya shule, jezi nambari 3, kwa hivyo mkiniona nimepandwa na uchungu hapa mjue unatoka wapi.

Slater alizaliwa tarehe 9 Desemba 1898 katika mji wa Normal, jimbo la Illinois. Babake, George Slater, alikuwa mhubiri wa kanisa la Kimethodisti la watu weusi, na kama mjuavyo mhubiri huhamishwa hamishwa kama mwalimu wa serikali. Utoto wa Duke ulikuwa Chicago, ambako alijifunza kucheza na watoto wengine kwenye viwanja vitupu vya mitaani. Alipokuwa na umri wa miaka 13 hivi familia ilihamia Clinton, mji wa jimbo la Iowa ulio kando ya mto Mississippi.

Hapo Clinton ndipo mambo yalipoanza. Mzee alikuwa hataki kusikia habari za futiboli. Na hakuwa mjinga, kwani miaka ile vijana walikuwa wakivunjika mifupa na wengine kufa uwanjani. Kumbe mwana alikuwa akicheza kichinichini, na siri ilifichuka pale jezi yake iliyoraruka ilipoonekana ikishonwa nyumbani. Akakatazwa. Kinachosimuliwa ni kwamba Duke hakubishana na babake wala kumnunia kwa maneno. Aliacha kula. Siku zikapita, sahani inawekwa, sahani inaondolewa vile vile ilivyokuja. Mwishowe mzee akasalimu amri, kwa sharti kwamba kijana ajihadhari asiumie. Matokeo ya sharti hilo ni kwamba kila alipoumia ilimbidi ajikaze asionekane akichechemea nyumbani. Nadhani hapo ndipo alipojifunza kunyamaza na maumivu yake, tabia ambayo tutaiona tena huko mbele.

Kisha kikaja kisa cha viatu. Pale shuleni mchezaji alitakiwa ajinunulie viatu na kofia ya ngozi ya kukinga kichwa. Mshahara wa mhubiri haukutosha vyote viwili, mtoto achague. Duke alikuwa na miguu mikubwa ajabu, ya kiasi kwamba viatu vya kumtosha havikupatikana Clinton vikaagizwa kutoka Chicago. Akachagua viatu. Kichwa akakiacha wazi, na akazoea hivyo, hata alipofika chuo kikuu aliendelea kucheza mechi nyingi bila kofia. Ukitazama picha za timu yake unamtambua mara moja, kwa sababu mbili: yeye ni mweusi kati ya weupe, na kichwa chake hakina kitu.

Mwaka 1918 aliingia Chuo Kikuu cha Iowa, katika Iowa City. Kwa kawaida mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kuu, lakini vita vikuu vya kwanza vilikuwa vimewazoa vijana vyuoni, kanuni ikalegezwa, na Slater akacheza miaka 4 mizima. Alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 1 na uzito wa ratili 215 hivi. Siku hizi watu wa mstari huko Marekani hupita ratili 300, lakini kwa wakati ule hilo lilikuwa pande la mtu. Zaidi ya uzito, alikuwa mwepesi kutoka. Mpira ukitikisika tu, yeye alikuwa amekwisha fika kifuani mwa mpinzani.

Lazima niseme nyakati zenyewe zilivyokuwa, la sivyo hamtaelewa uzito wa jambo hili. Miaka 2 kabla ya yeye kuzaliwa, yaani mwaka 1896, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba kuwatenga weusi na weupe ni halali. Julai 1919, wakati Slater yuko likizo ya kabla ya mwaka wake wa pili chuoni, ghasia za rangi zilizuka Chicago, mji alikokulia, na watu 38 wakauawa. Huko Iowa kwenyewe palikuwa afadhali, ila si peponi. Alikuwa akishangiliwa na maelfu Jumamosi mchana, lakini mabweni ya chuo hicho hayakumfungulia mlango mwanafunzi mweusi hadi mwaka 1946. Yaani upewe jezi ya chuo, usipewe kitanda. Sisi tunaolalamikia dabal deka zetu na kunguni wao, hebu tuliwazie hilo kidogo.

Mwaka wake mkuu ulikuwa 1921. Kocha wa Iowa alikuwa Howard Jones. Tarehe 8 Oktoba walitembelewa na Notre Dame, timu ya kocha Knute Rockne, ambayo ilikuwa imeshinda mechi 20 mfululizo. Huyo Rockne ni kama mungu mdogo katika historia ya mchezo huo. Iowa walishinda 10 kwa 7. Kuna picha ya siku hiyo ambayo imechapishwa mara nyingi mno: Slater ameinama, kichwa wazi kama kawaida, anasukumana na wachezaji kadhaa wa Notre Dame kwa wakati mmoja, na upande wake kuna mwanya mpana ambao mkimbiaji Gordon Locke anapita nao kwenda kufunga. Ukiwauliza watu wa pale nani alifunga siku ile watafikiria kwanza. Ukiwauliza ni nani asiye na kofia, watakwambia bila kupepesa macho. Iowa walimaliza msimu huo bila kushindwa hata mechi moja, 7 kwa 7, na kutwaa ubingwa wa Big Ten, yaani jumuiya ya vyuo vikubwa vya eneo lile.

Hapo sasa tunaingia kwenye kazi ya kulipwa. Ligi inayojulikana leo kwa jina la NFL ilianzishwa mwaka 1920 mjini Canton, Ohio, na kikao chenyewe kilifanyika ndani ya duka la kuuza magari. Jina la NFL lilianza kutumika 1922, mwaka ule ule Slater alioingia. Msidhani ilikuwa ligi ya mabilioni kama ilivyo sasa. Timu zilitoka hata miji midogo ya viwanda, nyingine zilidumu mwaka mmoja zikafa, na mchezaji alicheza dakika zote 60: timu yake ikiwa na mpira anafungua njia, timu ikipoteza mpira yeye huyo huyo anageuka kuwa mlinzi. Kanuni za kubadilisha wachezaji zilikuwa ngumu, kwa hivyo hakukuwa na kukaa benchi ukinywa maji.

Slater alijiunga na Rock Island Independents, timu ya mji ulio upande wa Illinois wa mto ule ule Mississippi wa nyumbani kwao. Anahesabiwa kuwa mtu mweusi wa kwanza wa mstari katika historia ya NFL. Weusi wengine walikuwako: Fritz Pollard, kijana mdogo wa mwili lakini umeme wa mbio, alikuwa ametwaa ubingwa na timu ya Akron mwaka 1920, na mwaka 1921 alikuwa pia kocha. Msimu wa Rock Island ulipokwisha 1922, Slater alicheza mechi 2 zaidi na timu ya Milwaukee Badgers. Kwa hiyo ukifungua orodha ya Milwaukee ya mwaka ule unakuta majina 3 ya watu weusi: Pollard, Slater, na Paul Robeson.

Wanachama wa Chama cha Kiswahili, hapo tegeni masikio. Robeson huyu ndiye yule mwimbaji na mwigizaji mwenye sauti nzito ya kutikisa kuta. Aliacha mpira baada ya 1922, akamaliza sheria, akaenda kwenye jukwaa. Miaka ya 1930 alipokuwa akiishi London alijifunza lugha za Kiafrika, na mojawapo ilikuwa hii hii yetu ya Kiswahili. Katika filamu ya Sanders of the River ya mwaka 1935, ambayo baadaye Robeson mwenyewe aliikana kwa jinsi ilivyousifu ukoloni, ukitazama kwa makini utamwona kwa muda mfupi kijana mmoja Mkenya aliyekuwa akisoma London na kuchuma senti za ziada: Jomo Kenyatta. Dunia ni mduara, bwana. Kutoka kwa Duke Slater mpaka kwa rais wetu wa kwanza ni hatua 2 tu.

Turudi Rock Island. Mwaka 1924 timu ilikuwa na nguvu kweli kweli. Alikuwemo Jim Thorpe, yule Mhindi Mwekundu aliyenyakua dhahabu 2 za Olimpiki mwaka 1912, ingawa sasa umri ulikuwa umemtupa mkono. Walikuwa hawajashindwa, mpaka wakasafiri kwenda Kansas City, jimbo la Missouri. Huko kulikuwa na mapatano ya wenye timu, yasiyoandikwa popote, kwamba mweusi hachezi kwenye uwanja wao. Slater akaachwa nje. Hakuwa mgonjwa, hakuwa na jeraha, hakuwa amekosana na kocha. Rock Island wakapigwa. Timu hizo zilipokutana tena baadaye kwao Rock Island, Slater yumo mstarini, Rock Island wakashinda.

Katika miaka yake 10 ya kulipwa, mechi hiyo moja ndiyo anayotajwa kuikosa. Mtu aliyekuwa akigongwa dakika 60 kila Jumapili, juu ya udongo ulioganda kwa baridi, hakukosa mechi kwa kuvunjika wala kwa homa. Aliikosa kwa rangi ya ngozi.

Rafiki yangu mmoja wa chama cha mdahalo alipoisoma rasimu hii aliniuliza: kwani kwa nini hakuacha? Kwa nini hakuvua jezi akaenda zake, akawaachia mpira wao? Akasema kunyamaza kwa Slater kulikuwa ni kuwaogopa wazungu. Tulibishana mpaka kengele ya maandalio ikalia. Jibu langu ni hili. Kwanza, aibu ya Kansas City haikuwa ya Slater. Ilikuwa ya wenye timu yake, ambao walimtumia kila mahali pengine na kumkalisha pale walipoambiwa. Wachezaji wenzake weupe walikuwa uwanjani, na mmoja wao angeweza kusema hachezi. Tunapenda sana kumuuliza aliyeonewa kwa nini hakupiga kelele, hatuwaulizi waliokuwa kando yake. Pili, Robeson alichagua njia ya kupaza sauti, na mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti, hakuipata tena hadi 1958. Namheshimu Robeson kwa hilo hadi unyweleni. Lakini sikubali kwamba aliyebaki uwanjani, mwaka baada ya mwaka, kila mtu akiona kwamba hakuna mzungu anayeweza kumhamisha, alikuwa amekaa kimya. Rafiki yangu hajakubali hadi leo. Tumeachana hapo.

Mwaka 1926 Rock Island waliihama NFL wakaenda kwenye ligi mpya iliyoanzishwa kushindana nayo, wakafilisika. Slater akachukuliwa na Chicago Cardinals, timu ambayo baadaye ilihamia St. Louis na kisha Arizona iliko sasa. Alirudi basi Chicago, na hakuondoka Cardinals hadi alipostaafu 1931.

Miaka hiyo ya Cardinals ndiyo inayonigusa mimi zaidi. Mwaka 1927 NFL ilipunguza timu kutoka 22 hadi 12. Timu dhaifu zikafa, wachezaji wakabanana kwenye nafasi chache, na kwa bahati ya ajabu walioonekana hawafai walikuwa weusi. Sitasema zaidi. Mwaka huo ligi nzima ilikuwa na mtu mweusi mmoja tu. Mmoja! Mwaka 1928 mwingine alipata mechi chache hapo hapo Cardinals, na 1929 Slater akabaki tena peke yake. Waandishi wa michezo waliendelea kumchagua mara kadhaa katika orodha zao za wachezaji bora wa ligi yote. Ukiwa mmoja peke yako huna ruhusa ya kuwa na siku mbaya. Mzungu akicheza vibaya, amecheza vibaya yeye. Slater angecheza vibaya, wangesema mnaona, hawa watu hawawezi.

Tarehe 28 Novemba 1929, siku yao ya Shukrani, Cardinals walipambana na Chicago Bears, watani wao wa jiji moja, yaani mfano wa ile mechi yetu ya Mashemeji. Cardinals walishinda 40 kwa 6. Alama zote 40 zilifungwa na mtu mmoja, Ernie Nevers: alivuka mstari wa mwisho mara 6 na kupiga mikwaju 4 ya ziada. Karibu miaka 100 imepita na hakuna mchezaji wa NFL aliyefikisha alama 40 katika mechi moja. Waliomfikia kwa zile mara 6 ni wachache mno, wa hivi karibuni akiwa Alvin Kamara mwaka 2020. Fungua kitabu chochote cha rekodi utalikuta jina la Nevers. Sasa nawaomba mtumie akili zenu: mtu hafungi alama 40 kwa kupita juu ya ukuta kama paka. Kuna aliyeubomoa ukuta. Slater alicheza mechi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho, akifungua njia upande wake. Rekodi haina mahali pa kuliandika hilo. Simlaumu Nevers, alikimbia kama radi. Nalaumu aliyebuni daftari la hesabu.

Wakati huo wote, jamaa alikuwa na maisha ya pili. Msimu wa mpira ukiisha alirudi Iowa City kwenye vitabu vya sheria. Hakuna aliyemhimiza, na wengi wa wachezaji wenzake msimu ukiisha walikwenda kutafuta vibarua. Yeye alisoma vipande vipande, msimu kwa msimu, na mwaka 1928 akapata shahada ya sheria. Yaani mechi dhidi ya Bears niliyoisimulia hapo juu, mmoja wa watu waliokuwa wakigaragara matopeni alikuwa wakili. Mwalimu wetu wa michezo huwa anasema raga na vitabu havikai pamoja. Hilo namwachia alitafakari mwenyewe.

Alipostaafu 1931 mlango ulikuwa unafungwa nyuma yake. Weusi 2 tu walikuwa kwenye ligi mwaka 1933, na kuanzia 1934 hadi 1945 hapakuwa na hata mmoja. Miaka 12. Hakuna karatasi iliyotiwa sahihi, hakuna kanuni iliyopitishwa. Ilikuwa kama yale ya Kansas City, sasa yakienea ligi nzima. George Preston Marshall, mwenye timu ya Washington, ndiye anayetajwa zaidi kwa jambo hilo, na timu yake ndiyo ya mwisho kabisa kupokea weusi, mwaka 1962. Slater hakulia hadharani. Aliunda timu za wachezaji weusi na kuzifundisha, ili vijana waliofungiwa nje wapate pa kuchezea. Mojawapo iliitwa Chicago Brown Bombers, jina lile lile la sifa la bondia Joe Louis. Mlango wa ligi ulifunguliwa tena 1946, pale Kenny Washington na Woody Strode waliposajiliwa na Los Angeles Rams, na hata hapo ilikuwa ni kwa kushinikizwa, maana uwanja waliotaka kuutumia ulikuwa mali ya umma.

Miaka 2 baadaye, mwaka 1948, Slater alisimama katika uchaguzi wa hakimu wa Mahakama ya Manispaa ya Chicago, akashinda. Huko mahakimu huchaguliwa kwa kura, si kama kwetu. Alikuwa mtu mweusi wa pili tu kuchaguliwa hakimu katika jiji hilo. Mwaka 1960 alipandishwa na wapiga kura hadi Mahakama ya Juu ya jiji, mweusi wa kwanza kukalia kiti hicho, na 1964 akawa jaji wa Mahakama ya Mzunguko ya wilaya ya Cook. Hebu mwazieni mtu yule yule: mwaka 1924 anakatazwa kuingia uwanjani na mapatano yasiyo na sheria, na mwaka 1948 yeye ndiye anayevaa joho na watu wanasimama anapoingia. Katika kiti hicho alikaa hadi kifo.

Aliaga dunia Chicago mnamo Agosti 1966 kwa saratani ya tumbo, akiwa na umri wa miaka 67.

Heshima zilimjia kwa mwendo wa konokono. Ukumbi wa wachezaji mashuhuri wa vyuo ulipofungua milango 1951, alikuwa katika kundi la kwanza kabisa, na mweusi pekee kati yao. Hilo alilishuhudia kwa macho yake. Ukumbi wa wachezaji wa kulipwa, ulioko Canton, ulimfikiria mwaka 1970 na 1971 ukampita. Ulikuja kumchagua Januari 2020, miaka 53 na ushei baada ya kuzikwa. Watu waliomwona akicheza walikuwa wamekwisha. Walioamua walitegemea picha za kijivu na magazeti ya zamani, kwani kama nilivyosema, hesabu zake hazikuwekwa.

Mwaka 1972 Chuo Kikuu cha Iowa kilipotaka kuupa uwanja wake jina, kulikuwa na waliopendekeza uitwe kwa majina mawili, la Nile Kinnick na la Slater. Uwanja ukapewa Kinnick peke yake. Slater akapewa jengo, nalo ni bweni la wanafunzi. Sijui waliokaa kwenye mkutano ule walifikiri nini, lakini bweni, jamani! Bweni katika chuo ambacho hakikumpa kitanda.

Mwaka 2019 ukuta wa sanamu ulizinduliwa nje ya uwanja huo, ukionyesha ile siku ya Notre Dame, Slater akiwa kichwa wazi, wapinzani wakipepesuka mbele yake. Kisha mwaka 2021, miaka 100 kamili baada ya mechi hiyo, nyasi zenyewe zikapewa jina lake. Uwanja ni Kinnick Stadium, na sehemu ya kuchezea inaitwa Duke Slater Field. Wakimbiaji wa Iowa hupita hapo juu yake kila msimu, na yadi zao huhesabiwa moja baada ya nyingine.